Mkimbiaji Ausikilize Moyo Wake

Vijana wetu wa mbio ndefu hapa visiwani hukimbia kila siku kwa nguvu zote. Siku ya mashindano ikifika, miguu hugoma. Kosa lao si uvivu, bali ni kukosa kipimo.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Finland ilitoa saa ipokeayo mapigo ya moyo kutoka mkanda wa kifuani. Asiyekuwa nayo anavyo vidole: akisimama tu, ahesabu mapigo ya shingoni kwa sekunde 15, azidishe kwa nne. Ahesabu pia alfajiri kabla ya kuondoka kitandani. Yakizidi sana kawaida yake, siku hiyo apunguze mwendo.

Tunawataka wakuu wa michezo wawafunze walimu wa riadha hesabu hii kabla ya kudai medali.