Mapenzi ya watu wazima hayana jina

Kiswahili ni lugha tajiri katika mambo ya ndoa. Kina posa na mahari, kina uchumba na harusi, kina fungate na talaka, na kila hatua ya safari hiyo ina msamiati wake na adabu zake. Hata hivyo, msomaji anayeifundisha lugha hii, au anayejifunza, yamkini amegundua kwamba utajiri huo hukoma ghafla pale mtu anapofikisha umri wa miaka 40 na ushei akiwa hana mume wala mke, na bado ana nia ya kupenda na kupendwa. Mtu huyo hana jina. Au tuseme kweli: anayo majina mengi, lakini karibu yote humtaja kwa kile alichokipoteza.

Tuchukue kitenzi chenyewe. Mwanamume huoa, mwanamke huolewa. Mwanafunzi wa kidato cha pili anajua kwamba kauli ya kutendwa humfanya anayetajwa kuwa mpokeaji wa tendo. Sina ugomvi na sarufi, maana nimeila chumvi yake kwa zaidi ya miaka 20. Lakini mwanamke wa miaka 48 anayeuza mitumba katika soko la Toi, aliyesomesha watoto watatu kwa jasho lake, akimchagua mwanamume kwa macho yake mawili na kumtajia masharti, sarufi bado itasema kwamba ameolewa. Kauli ya kutendana ipo, nayo kuoana ndilo neno ambalo lingemfaa. Sikiliza mazungumzo katika matatu ya nambari 46 iendayo Kawangware uone ni mara ngapi utalisikia likitajwa kwa watu wa umri huo.

Nomino zetu hazina nafuu. Kapera ni neno changamfu. Kapera hutaniwa hadharani naye akacheka. Mjane hataniwi. Neno hilo hutumiwa kwa mwanamke aliyefiwa na mumewe, na wako wanaolitumia hata kwa aliyeachwa, kana kwamba talaka na kifo ni mamoja. Mwanamume aliyefiwa na mkewe anaitwa mgane, na wanafunzi wangu wengi hulikuta neno hilo kwa mara ya kwanza katika kamusi. Nimejiuliza sababu, na jibu nililolipata ni kwamba jamii haimwachi mwanamume katika hali hiyo muda wa kutosha hadi ihitaji jina la kumwitia.

Lugha jirani zinasema hayo hayo. Katika Kijaluo, ambacho utakisikia kila kichochoro cha Gatwekera, mjane ni chi liel, yaani mke wa kaburi. Katika Kikuyu, kinachozungumzwa sana Kawangware, ni mũtumia wa ndigwa, jina lenye uhusiano na kitenzi cha kuachwa au kubakizwa. Huko pwani mwanamke aliye edani huitwa kizuka, na neno hilo hilo ndilo tunalolitumia kwa mzuka anayetokea usiku. Hata hivyo eda ina jambo moja ambalo wengine wetu tungefaa kulitazama kwa makini. Eda ya kufiwa ina hesabu: miezi minne na siku kumi. Familia za Wanubi wa Makina, ambao wazee wao ndio walioipa Kibera jina hilo kutokana na neno lao la msitu, wanaijua hesabu hiyo. Siku zikitimia mwanamke hutoka, akitaka hujipamba, na akiposwa dini haimlaumu. Chi liel hana siku ya kutoka.

Wanaozaliwa mjini nao wameongeza yao. Nimemsikia mwanamke mwenye wajukuu wawili akiitwa singo matha. Watu wazima wanaoonekana wakipendana hugeuzwa sponsa, mubaba au mumama, majina yanayodokeza kwamba baada ya umri fulani mapenzi hayana budi kununuliwa.

Msomaji anaweza kuuliza, je, maneno yanamuumiza nani? Twende basi Kibera na Kawangware tukaone. Nyumba ya kawaida ya Lindi, Laini Saba au Gatina ni chumba kimoja cha futi 10 kwa 10. Pazia hutenga kitanda na mahali pa kupikia, na usiku hapo pa kupikia ndipo watoto wanapolala. Mama wa miaka 45 ambaye kijana wake wa miaka 20 analala upande wa pili wa pazia atampokea mgeni wapi? Wenzetu wa Lavington, ambao ni majirani kabisa wa Kawangware, wana sebule na wana pesa za mkahawa. Huku chini watu wazima hukutana katika chama, kanisani, kwenye kibanda cha chapati, na zaidi ya kote katika mikutano ya matanga, ile ya kuchanga fedha za kusafirisha maiti mashambani. Ni ajabu lakini ni kweli: mahali panaporuhusu mjane na mgane kuketi benchi moja hadi saa nne za usiku bila kuulizwa swali ni msiba wa mtu mwingine.

Kwa miaka kadhaa nilikuwa nikifundisha masomo ya jioni ya watu wazima huko Laini Saba. Mama mmoja aliyekuwa akikaa mstari wa mbele, aliyefiwa na mumewe miaka tisa kabla, aliniambia siku moja tukifunga mlango, "Mwalimu, nilipofiwa walikuja wote. Sasa nikicheka wanataka kujua nani amenichekesha." Alikuwa amepata rafiki, fundi wa viatu mwenye umri kama wake. Rafiki huyo alikuwa akija baada ya taa za ploti kuzimwa na kuondoka kabla ya watu kuamkia foleni ya maji.

Hapo ndipo maneno yanapouma. Kinachofichwa hakiwezi kuulizwa. Mama yule hakuweza kumwambia kaka yake aende akachunguze fundi huyu ametoka wapi na kama ana mke mashambani. Hakuweza kumwambia waende pamoja kituo cha afya wakapimwe virusi vya Ukimwi, kwani muuguzi wa pale ni mwumini mwenzake kanisani. Alimkopesha pesa za chama bila shahidi. Kwa bahati fundi alikuwa mtu mwema, akazilipa. Mwingine asingelipa, na hapana mzee ambaye angeitwa kuamua kesi ya uhusiano ambao rasmi haukuwapo. Kijana wa miaka 23 akiteleza katika mapenzi ana wazazi wa kumkemea na shangazi wa kumfunda. Mtu wa miaka 50 hana somo wala kungwi.

Wala mambo haya si mageni Nairobi. Wanawake waliofika mji huu peke yao katika miaka ya 1920 na 1930 walijenga na kumiliki nyumba Pangani na Pumwani, na mwanahistoria Luise White aliandika habari zao katika kitabu alichokitoa mwaka 1990. Wapo walioishi kwa kuuza miili yao, wapo waliopika pombe, wapo waliopangisha vyumba. Mji uliwapa wote jina moja, ambalo sina haja ya kulirudia hapa gazetini.

Na tusisahau mwaka 2003. Wambui Otieno, yule yule aliyepigania mahakamani haki ya kumzika mumewe S. M. Otieno mwaka 1987, alifunga ndoa na Peter Mbugua akiwa na umri wa miaka 67. Mume huyo alikuwa mdogo wake kwa miaka ipatayo 40. Nakumbuka jinsi nchi nzima ilivyotikisika. Mabwenini mwetu hapakuzungumzwa jingine kwa wiki nzima, na neno ajuza, ambalo wengi tulikuwa tumelisoma tu katika hadithi za watoto, lilikuwa midomoni mwa kila mtu. Wazee wa kiume waliooa wasichana mwaka huo huo walikuwa wengi mno kuhesabiwa, na hakuna aliyeitwa shaibu. Pengo la umri lilistahili kujadiliwa, sikatai. Ila mjadala wenyewe haukuwa juu ya umri. Ulikuwa juu ya mjane aliyekataa kubaki mjane.

Mimi mwenyewe nina miaka 47. Ndoa yangu ilikwisha kitambo, binti yangu yuko chuoni, na kwa mwaka wa pili sasa nina rafiki, mwalimu wa hisabati aliyefiwa na mkewe. Mwezi Desemba nilimpeleka kwa shangazi yangu anayeishi Kawangware, karibu na kituo cha mwisho cha matatu. Shangazi alimkaribisha chai kwa heshima zote, kisha akaniita jikoni.

"Mwanangu, huyu mzee ni nani wako?"

"Ni mwenzangu, shangazi."

"Mwenzako wa kazini?"

Nikiwa na shahada ya uzamifu katika taaluma ya lugha, nilisimama pale na sufuria mkononi nikitafuta nomino. Mchumba? Neno hilo linadai tarehe ya harusi, nasi hatujaipanga na huenda tusiipange. Mpenzi? Hilo ni la nyimbo za redio na barua za vijana, na mbele ya shangazi wa miaka 74 ni utovu wa adabu. Hawara? Mungu apishe mbali. Kitenzi nacho ni balaa: kutongozana ni kwa vijana, kuchumbiana ni kwa wanaoelekea madhabahuni, na katikati ya hayo mawili pana uwanja mpana ambao sisi tunautembea kimyakimya.

Nisiwasahau wanaume. Katika vyumba vya Kawangware wako walinzi na waashi wa miaka 50 na zaidi ambao wake zao walikufa au waliondoka, na ambao hula mkate na chai usiku kwa sababu kumpikia mtu mmoja kunachosha. Hawa huambiwa kila siku watafute mke wa kuwapikia. Hakuna anayewauliza kama wangependa mtu wa kuzungumza naye. Mwanamume anayesema wazi kwamba ana upweke huonekana ama mlevi ama aliyerogwa.

Wala sisemi kwamba kila aliye peke yake anatafuta. Katika darasa lile la jioni nimewaona wanawake waliotoka katika ndoa za mateso wakaanza upya wakiwa na miaka 44, wakasajiliwa kama watahiniwa wa kibinafsi, wakalala usingizi wa kutosha kwa mara ya kwanza maishani. Mmoja alinijulisha kwamba mume wake wa sasa ni jiometri. Hao nao lugha inawaonea, kwa sababu haina neno la useja uliochaguliwa na mtu mzima isipokuwa lile la watawa.

Kinachoshangaza ni kwamba sheria imeitangulia lugha. Ibara ya 45 ya Katiba ya mwaka 2010 inawapa wanandoa haki sawa wakati wa kuingia katika ndoa, wakiwa ndani yake na inapovunjika. Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014 inamruhusu aliyefiwa au aliyetalikiwa kuoa au kuolewa tena, na inataka hata ndoa za kimila zisajiliwe. Kisha tarehe 27 Januari 2023 Mahakama ya Juu ilitoa uamuzi juu ya mwanamume na mwanamke wa Nairobi waliokaa pamoja kwa miaka mingi na kugombania mali. Majaji walieleza kwamba dhana ya ndoa kutokana na kuishi pamoja bado ipo, lakini itumiwe kwa nadra, na kwamba wako watu wazima wanaoishi pamoja pasipo nia yoyote ya kufunga ndoa. Waliliomba Bunge litunge sheria juu ya watu kama hao. Katika shauri lile mali iligawanywa kwa kuangalia mchango wa kila mmoja. Kwa hiyo mama wa Laini Saba na fundi wake, wakinunua pamoja kipande cha ardhi, wanahitaji stakabadhi zenye majina yao mawili. Lakini ni vigumu kuandikisha jina la mtu ambaye huwezi kumtaja mchana.

Sasa niwageukie walimu wenzangu. Kila muhula tunasahihisha insha juu ya harusi, na katika zote bibi arusi ni msichana mwororo na bwana arusi ni kijana mtanashati. Hatujawahi kuuliza kama mwanafunzi anaweza kuandika juu ya harusi ya mama yake. Darasani Kawangware au Kibera yumo mtoto ambaye mama yake amepata mwenzi, naye anasikia vichekesho vya mumama kila wakati wa mapumziko, na pengine vingine anavisikia kutoka chumba cha walimu. Mtoto huyo hurudi nyumbani akiwa hakimu wa mama yake. Walimu wa Kiswahili tuna kazi mahususi hapa. Tukifundisha kauli za vitenzi, mfano wa kuoana usitolewe kwa vijana tu. Tukifundisha mgane, tuwaulize wanafunzi kwa nini hawalijui. Na neno mwenza tulifufue. Watanzania hulitumia kwa mume au mke bila kubagua jinsia, nasi Wakenya tumelizoea tangu uchaguzi wa mwaka 2013 kupitia kwa wagombea wenza wa urais, hata wapiga kura wa Laini Saba wasiojua kusoma wanalifahamu. Ni neno la heshima, halidai mahari wala halimtaji marehemu.

Nimelijaribu kwa shangazi. Alilitafakari kidogo, akacheka, na tangu siku hiyo akinipigia simu huniuliza kwanza kama mgombea mwenza wangu hajambo.