Anayesimama Mikumi Ndiye Anayelipa

Barua ya wazi kwa Kamishna wa Uhifadhi, Shirika la Hifadhi za Taifa Tanzania (TANAPA), Arusha



Dereva wa lori anayetoka Dar es Salaam kwenda Tunduma, akishaiacha Doma nyuma, hukutana na mabango yanayomtajia bei. Kila mnyama ana faini yake, kwa dola za Marekani. Kuanzia hapo hadi karibu na mji mdogo wa Mikumi, kwa takriban kilomita 50, barabara kuu ya kwenda Iringa, Mbeya, Zambia na Kongo inapita katikati ya Hifadhi ya Taifa ya Mikumi. Tembo, nyati na pundamilia wa uwanda wa Mkata huivuka usiku na mchana, maana malisho yao yako pande zote mbili za lami.

Mabango hayo yana kasoro moja: faini humpata anayesimama. Aliyegonga swala saa tisa usiku, akiona taa bado zinawaka na bampa haijaharibika sana, anakanyaga mafuta na kutokomea. Asubuhi askari wa hifadhi wanakuta mzoga na vipande vya plastiki. Aliyegonga twiga hana pa kukimbilia. Bampa humpiga twiga miguuni, na mwili wote huangukia kioo cha mbele. Gari linabaki palepale na dereva, kama amepona, anaanza kupiga hesabu. Kanuni za thamani ya nyara za mwaka 2012 zilimweka twiga mmoja kwenye dola 15,000 na swala pala dola 390. Dola 15,000 ni mishahara ya miaka kadhaa kwa mtu anayeendesha lori la tajiri. Kwa hesabu kama hiyo, ni nani atakayesimama kwa hiari?

Nje ya mpaka wa hifadhi, ng'ombe akigongwa mambo huwa tofauti kabisa. Mwenye mali anafika na fimbo yake, watu wanajaa, bei inabishaniwa na mtu analipa. Pundamilia hana mchungaji wa kumsimamia. Mwenye mali ni taifa, na taifa saa tisa usiku halipo kando ya barabara.

Uingereza imeitenganisha hoja ya kosa na hoja ya kusimama. Sheria yao ya barabara ya mwaka 1988 inamtaka dereva aliyegonga mbwa, farasi, ng'ombe, punda, kondoo, mbuzi au nguruwe asimame na atoe taarifa zake. Asipozitoa papo hapo, aripoti polisi mapema iwezekanavyo, isizidi saa 24. Kama alikuwa na hatia ya kumgonga au hakuwa nayo, hilo linakuja baadaye. (Paka hayumo katika orodha hiyo, jambo ambalo wenye paka hawajalikubali.) Wanyamapori hawakutajwa humo, lakini kanuni yenyewe ingefaa sana Mikumi: kugonga kuwe jambo moja, kukimbia kuwe jingine, na la pili ndilo liwe zito.

Kwa hiyo barua hii inaomba namba moja ya simu iandikwe kwa herufi kubwa juu ya yale mabango ya faini. Dereva atakayepiga na kungoja, akithibitika kuwa hakuzidisha mwendo, apunguziwe sehemu kubwa ya malipo. Atakayetoroka alipe yote na ashtakiwe kwa kutoroka. Taarifa ya mapema ina faida nyingine: mzoga huondolewa kabla fisi na tai hawajaufuata barabarani na wao wakagongwa. Huondolewa pia kabla ya wenye visu kushuka. Abiria na matingo wakumbushwe kwenye mabango hayohayo kwamba nyama ya swala aliyegongwa si halali yao. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 inamhesabu mtu anayekutwa na nyara ya serikali bila kibali kuwa mhalifu, hata kama mnyama aliuawa na gari.

Mwendo ndio kiini cha yote. Kwa makadirio ya kitabu cha madereva cha Uingereza, gari dogo lenye mwendo wa kilomita 80 kwa saa huhitaji mita 53 kusimama kwenye lami kavu. Kwa kilomita 48, mita 23 zinatosha. Lori lililosheheni linahitaji zaidi. Dereva aliyeshusha taa kumpisha anayekuja haoni tembo wa kijivu hadi awe karibu mno. Na tangu mwaka 2023, mabasi yaliporuhusiwa tena kusafiri usiku kucha, saa za tembo zimekuwa saa za basi pia.

Mabasi hayo yamefungwa kifaa cha kufuatilia mwendo (VTS), na mdhibiti wa usafiri wa ardhini, LATRA, anaweza kuona mwendo wa kila moja. Takwimu za kilomita hizo 50 zifike mezani kwa mhifadhi mkuu wa Mikumi. Kwa malori na magari madogo, saa ya kuingia na ya kutoka inatosha: anayekwenda kilomita 70 kwa saa hutumia kama dakika 43. Aliyetumia dakika 30 alikuwa akikimbia 100. Hapo aulizwe pia tajiri aliyempangia ratiba, kwa sababu dereva hujiwekea mwendo mara chache kuliko inavyodhaniwa.

Madereva wenyewe wana mtandao wao. Wanapoona trafiki mwenye tochi, huwashiana taa kilomita nzima kabla. Ishara hiyohiyo ikitumika kwa tembo aliye kando ya lami, haitagharimu shilingi. Kinachohitajika ni TANAPA kukaa na vyama vya madereva wa malori na mabasi wakubaliane.

Hatimaye, orodha ya waliogongwa itangazwe kila mwezi: aina ya mnyama, saa, kipande cha barabara, aina ya gari. Ibandikwe stendi ya Msamvu, Morogoro, na stendi ya Iringa, mahali ambapo wenye mabasi na abiria wao wataisoma.

Nakala: LATRA, TANROADS, Kikosi cha Usalama Barabarani.