Mbegu Isiyo na Masurufu



Wengi wetu hurudi kutoka likizo na okidi iliyong'olewa mtini, tukaipanda katika kopo na kuiweka dirishani. Nami nilifanya hivyo. Yangu niliitoa katika mti mkongwe ulio juu ya shamba la babu, nikaishindilia udongo mzito na kuinywesha maji kila asubuhi. Haikumaliza muhula, mizizi ilioza. Mwenzangu akanifariji: "Usihuzunike, tunda moja la okidi lina mbegu maelfu na maelfu." Neno hilo ndilo nitakalo kulijibu.

Ni kweli, tunda moja laweza kuwa na mbegu maelfu, na la aina nyingine hata zaidi ya milioni. Lakini zitazameni: ni kama vumbi. Punje ya haragwe hubeba chakula chake, kama msafiri aliyefungiwa masurufu na mama yake. Mbegu ya okidi haina masurufu. Hupeperushwa na upepo, na huko itakakotua, isipokutana na kuvu inayoifaa, hufa. Ikikutana nayo, nyuzi za kuvu huingia ndani ya mbegu, na mbegu hupata chakula kwa kuzimeng'enya. Hapo huvimba ikawa kijidonge kisicho na jani wala mzizi. Baadaye jani hutokea, kisha mizizi. Kuchanua kwaweza kungoja miaka kadhaa. Naam, mkono mmoja haulei mwana.

Siri hii iligunduliwa na Mfaransa Noël Bernard mwaka 1899. Mwaka 1922 Lewis Knudson wa Marekani alionyesha kwamba mbegu hizo zaweza kuota chupani bila kuvu, zikipewa sukari na madini katika chombo kisicho na vijidudu.

Basi, mbegu milioni si miche milioni. Ang'oaye okidi huondoa mama, na abanduaye gome huharibu makao ya kuvu ambayo ingewalea watoto. Hapa kwetu jambo hili si dogo. Msitu wa Gishwati, uliokuwa na hekta 28,000 hivi katika miaka ya 1970, ulikuwa umebaki hekta 600 hivi mwaka 2002. Leo unalindwa na miti inapandwa tena, nasi twafurahi. Lakini mche wa mti uliopandwa juzi hauna gome kuukuu lenye kuvumwani.

Kwa hiyo natoa shauri. Kwanza, tuache okidi mitini. Pili, twombe ruhusa ya kujaribu chupa za Knudson katika maabara yetu. Sukari tunayo, na sufuria ya mvuke ya kuulia vijidudu ipo. Tunda moja lililokomaa latosha. Tutakapootesha miche kwa mikono yetu, tutaiweka dirishani bila aibu.

Aliye na maoni mengine na ayaandike katika toleo lijalo.