Baada ya Rosa Mistika, tusome kipi?

Ndugu Mhariri,

Vijana wengi huku kwetu Lingeka wakimaliza riwaya iliyowakolea, hukosa wa kuwaelekeza kwenye nyingine. Naliomba gazeti lako litenge safu ya kulinganisha riwaya zetu.

Aliyeguswa na Rosa Mistika (1971) ya Euphrase Kezilahabi asome Utengano (1980) ya Said Ahmed Mohamed. Rosa na Maimuna, wahusika wakuu wa riwaya hizo, wote wamelelewa na baba mkali, na wote wanapotoka wakishaonja uhuru. Lakini Rosa anajiua, ilhali Maimuna anapata nafasi ya kuanza upya. Mzazi akizisoma pamoja, ataona kwamba ukali mtupu haumlindi binti.

Mpenzi wa visa vya Willy Gamba, mpelelezi wa Elvis Musiba, amtafute Joram Kiango wa Ben Mtobwa. Anayependa fumbo kuliko risasi aanze na Bwana Msa katika Mzimu wa Watu wa Kale ya Muhammed Said Abdulla.

Nasi watu wa Kanda ya Ziwa tusimsahau Aniceti Kitereza wa Ukerewe. Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, aliyoiandika kwanza kwa Kikerewe, inaeleza ndoa inayotikiswa na kukosa mtoto, jambo ambalo hata leo linavunja nyumba nyingi.

Walimu na wakutubi, msiishie kuazimisha kitabu. Kila kinaporudishwa, mtajieni msomaji kinachofuata.

Msomaji wako,
Lingeka, Meatu, Simiyu