Muslimgauze: huruma ya mbali haitoshi

Bryn Jones alikuwa kijana wa Manchester, Uingereza. Hakuwa Muislamu, wala hakuwahi kukanyaga Palestina. Lakini jeshi la Israeli lilipovamia Lebanon mwaka wa 1982, alikasirika sana, na tangu hapo akaelekeza sehemu kubwa ya muziki wake kwa mateso ya Wapalestina. Kundi lake aliliita Muslimgauze, ingawa lilikuwa la mtu mmoja tu: yeye mwenyewe.

Si muziki wa kuchezwa arusini. Ni ngoma zinazorudiarudia, mikwaruzo ya mashine, na sauti za watu wa Mashariki ya Kati zilizokatwakatwa kwenye tepu. Ulizunguka kwa kasete na sahani, mara nyingi nakala mia chache tu. Alipofariki Januari 1999, akiwa na miaka 37, alikuwa ametoa albamu zaidi ya 90.

Wapo wanaomlaumu kwamba alisemea nchi asiyoijua. Lawama hiyo haina nguvu. Kama kila mtu angengoja kufika kwanza, vita vingi visingesemewa na yeyote. Tena mwenyewe alieleza kwamba hawezi kutembelea nchi inayokaliwa kwa nguvu. Huo ni msimamo.

Kosa lake liko pengine. Mwaka wa 1987 alitoa albamu aliyoiita Abu Nidal, jina la mtu ambaye kundi lake lilishambulia abiria katika viwanja vya ndege vya Roma na Vienna, Desemba 1985. Abiria wale hawakuvamia Lebanon. Ukiwa mbali, kila mwenye bunduki anafanana na shujaa. Anayelala akisikia risasi ndiye anayejua kutofautisha anayemtetea na anayetumia jina lake.

Tena muziki ule karibu hauna maneno. Mpalestina anaonekana kwenye jalada, anasikika kidogo ndani ya kelele, lakini hapati nafasi ya kusema: hapana, si hivyo.

Wakaaji wa mashariki mwa Kongo wanaelewa jambo hilo. Vita vyao vina watetezi wengi ng'ambo, na hilo ni jema. Ila mtetezi wa kweli anaanza kwa kuuliza. Jones aliwapa watu wasiomjua maisha yake yote, na uaminifu huo unastahili heshima. Alichosahau ni kuwaachia kipaza sauti.