Mwenye nyumba, usiongee kama tapeli

Nani Kenya hii hajawahi kupokea ujumbe wa "Ile pesa ya kodi tuma kwa namba hii"? Wengi tumecheka tukafuta. Wengine wametuma, pesa ikaenda. Lakini leo sitaki kumsema tapeli. Nataka kutusema sisi wenye nyumba, maana tukishika simu mara nyingi tunaongea kama yeye.

Mimi nina vyumba vinne vya kupangisha Ukunda, upande wa Kona ya Musa. Mwaka jana, msimu wa Desemba ukikaribia, alinipigia msichana aliyepata kazi hotelini Diani. Alikuwa bado Nakuru na alitakiwa kuripoti Jumatatu. Nilikuwa sokoni, kelele tele, nikamjibu mbio mbio: "Chumba kipo, lakini wanaokitaka ni wengi. Tuma dipoziti sasa hivi nikuwekee."

Akanyamaza kidogo, kisha akasema kwa adabu, "Mama, samahani, lakini hivyo ndivyo wanavyoongea wale matapeli." Akakata.

Nilikasirika. Jioni nikakaa nikawaza, nikaona ana haki. Sikumwambia jina langu. Sikumwambia chumba kiko wapi, wala sikumuuliza atakiona vipi. Nilimpa vitu viwili tu, haraka na pesa, na hivyo ndivyo vitu anavyotumia tapeli. Chumba kilikaa wazi hadi Januari.

Siku hizi nikipigiwa naanza na salamu na jina langu. Halafu nataja yote bila kungoja kuulizwa: kodi ni kiasi gani, dipoziti ni kiasi gani na inarudishwa lini, tokeni za stima ananunua nani, choo ni cha ndani au cha pamoja. Maji pia nasema kama ni ya mfereji au ya kisima, na kama yana chumvi. Mtu wa bara hajui kuuliza hilo, na akilijua baada ya kulipa ataona umemficha.

Pesa inakuja mwisho. Namwambia hivi: "Njoo uone kwanza, kuona ni bure. Ukiridhika, tuma kwa namba hii hii tunayoongea, na jina litakalotokea ni hilo nililokutajia. Likitokea lingine, usitume, nipigie." Kama pesa hupokewa na keateka au mwanao, sema mapema, na umtaje jina. Simu inamwonyesha mpangaji jina la mpokeaji kabla hajathibitisha. Usimfanye aanze kushuku hapo mwisho.

Kuna watakaosema, "Ukingoja mtu aje kuona, utangoja mpaka lini?" Ni kweli, wateja wa maneno wapo. Basi weka muda: "Nakushikia hadi kesho saa kumi jioni. Baada ya hapo nampa mwingine." Kama yuko mbali, mfano muuguzi anayehamishiwa hospitali ya Msambweni, mwambie atume ndugu au mfanyakazi mwenzake aje kuangalia. Hata kumwonyesha chumba kwa video ni bora kuliko "tuma sasa hivi."

Na pesa ikiingia, usinyamaze. Ujumbe wa malipo unaonyesha kiasi na tarehe, lakini hausemi ni za nini. Mwandikie: "Nimepokea 12,000, kodi ya Machi 6,000 na dipoziti 6,000." Siku ya kuhama hamtagombana.

Nawe mpangaji, usione haya kuuliza. Mwenye nyumba akikataa kutaja jina lake au akikuharakisha utume kabla ya kuona, kata simu kama alivyokata yule msichana. Sisi wenye vyumba vya kweli tutajifunza kuongea.