Tuwaulize Wavuvi Kwanza
Likizo iliyopita niliteremka na mke wangu na watoto kutoka Makindu hadi hori ya Kilifi, tukaogelea usiku usio na mwezi. Kila tulipoyakata maji, cheche za samawati zilitawanyika. Ni viumbe vya chembe moja, hutoa mwanga vikitikiswa. Binti yangu akauliza, "Baba, huitwaje?" Nami, mwenye shahada ya uzamifu katika isimu, nikababaika. Akajijibu: "Vimulimuli vya maji." Wenzangu wataitisha kamati ili ibuni istilahi yenye sauti ya Kigiriki. Ya nini? Makindu yetu ilipewa jina na watu walioiona mikindu. Watunga kamusi na washuke horini, wawaulize wavuvi, kabla taa za ufuoni hazijalifukuza giza.